Mabuu si Mzigo wa Mkondo: Samaki wa Pwani ya Afrika Mashariki Hutoka Wapi?

Mwaka 1914 mwanasayansi wa Norwei, Johan Hjort, alichapisha hoja iliyogeuza elimu ya uvuvi. Wavuvi wa kaskazini mwa Ulaya walikuwa wakiona heringi wakijaa kwa miaka kadhaa kisha wakiadimika, na wengi waliamini kwamba samaki wamehama. Hjort alisoma umri wa samaki kwenye magamba yao akaonyesha kwamba rika moja tu, la waliozaliwa mwaka 1904, lilibeba uvuvi wa heringi wa Norwei kwa miaka mingi. Wingi wa samaki, kwa maoni yake, huamuliwa mapema mno: pale buu, yaani samaki mchanga aliyetoka kwenye yai, anapomaliza kiini cha yai na kulazimika kutafuta chakula mwenyewe, au anapochukuliwa na maji hadi mahali asipoweza kuishi.

Zaidi ya karne moja baadaye, usimamizi wa bahari yetu bado umejengwa juu ya samaki mzima. Tunapima matundu ya nyavu, tunahesabu kilo zinazoshushwa diko, tunachora mipaka ya hifadhi pale matumbawe yalipo mazuri. Yote haya yana faida. Lakini hatua ambamo zaidi ya asilimia 99 ya kizazi hufa haimo katika vipimo hivyo. Pengo hilo limezibwa na picha moja rahisi: kwamba mkondo huchukua mabuu kutoka kusini na kuwapeleka kaskazini, basi. Picha hiyo haisimami.

Tuanze na mkondo wenyewe. Maji ya Mkondo wa Ikweta wa Kusini huvuka Bahari ya Hindi, hufika pwani karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, kisha hugawanyika. Tawi la kaskazini ndilo Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaopita Mtwara, Mafia, Unguja na Pemba kuelekea Kenya mwaka mzima. Wakati wa kusi huweza kufikia mita 1.5 kwa sekunde au kuzidi. Wakati wa kaskazi hupungua sana, na mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya hukutana na maji yanayoteremka kutoka Somalia, yote yakapinda kuelekea bahari kuu. Sasa tupige hesabu. Mita 1.5 kwa sekunde ni kilomita 130 hivi kwa siku. Kutoka Mafia hadi Lamu ni safari ya siku tano tu. Samaki wengi wa miamba huishi majini kama mabuu kwa wiki tatu hadi tano. Kama mabuu wangekuwa mzigo tu, wale waliozaliwa Mafia wakati wa kusi wangekuwa wameshafika Somalia kabla hawajaota mapezi kamili, na miamba ya Mafia ingetegemea kabisa mabuu kutoka kwingine.

Mambo hayako hivyo, kwa sababu maji hayaendi kwa kasi moja. Karibu na miamba na visiwa msuguano hupunguza mwendo, na upande wa kisiwa usioelekea mkondo hutokea maji yanayozunguka, ambamo planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, na mabuu hukusanyika. Mfereji wa Unguja una kina cha makumi ya mita tu; Mfereji wa Pemba una mamia. Mabuu wa pande hizo mbili hawawezi kuwa na safari moja. Tena bahari ina ghorofa: planktoni-wanyama wengi huzama mchana na kupanda usiku, na tabaka la chini mara nyingi huenda polepole, hata upande mwingine. Buu anayebadili kina hubadili njia. Siku chache kabla ya kutua, mabuu wa aina nyingi za miamba huogelea kwa kasi kuliko mwendo wa maji yanayowazunguka, wakiongozwa na harufu na sauti za mwamba.

Ushahidi wa hakika ulipatikana Australia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, mayai zaidi ya milioni 10 ya samaki mdogo wa miamba yalitiwa alama ya kemikali kwenye kisiwa cha Lizard. Kati ya vifaranga 5,000 hivi waliochunguzwa baadaye, 15 walikuwa na alama hiyo kwenye mawe ya masikio yao. Idadi inaonekana ndogo, lakini mayai yaliyotiwa alama yalikuwa sehemu ndogo ya mayai yote. Watafiti walikadiria kwamba kati ya asilimia 15 na 60 ya vifaranga walikuwa wamerudi walikozaliwa. Miaka minane baadaye, utafiti wa Kimbe Bay, Papua New Guinea, ulipata takriban asilimia 60 kwa aina mbili zenye maisha tofauti kabisa ya utotoni.

Msomaji anaweza kusema: basi kila kijiji kilinde mwamba wake, yatosha. Hapana. Asilimia 60 wakirudi, 40 wametoka kwingine. Kwenye visiwa vya Keppel, Australia, maeneo yaliyofungwa yalikuwa asilimia 28 tu ya miamba, lakini yalizalisha karibu nusu ya vifaranga wa aina mbili zilizochunguzwa, na wengi walitua nje ya mipaka, pale watu wanapovua. Habari hii ina uzito mkubwa kwetu, kwa kuwa mvuvi aliyenyimwa mwamba wake ana haki ya kujua mabuu wa mwamba huo hutua wapi. Bila jibu, hifadhi inabaki amri. Na jibu hubadilika kwa aina ya samaki: kuna wanaotaga juu ya jiwe na kulinda mayai, na kuna chewa na changu, ambao mayai yao huelea tangu dakika ya kwanza.

Kufika mahali pazuri hakutoshi kama hakuna chakula. Maji ya mkondo wetu ni ya vuguvugu na haba kwa rutuba. Mwani mdogo hustawi zaidi pale rutuba inapopandishwa kutoka chini au kuletwa na mito. Kwa hiyo mto Rufiji, wenye delta ya mikoko kubwa kuliko zote Afrika Mashariki, ni suala la mabuu sawasawa na suala la kilimo. Mafuriko ya masika humwaga rutuba baharini kusi linapoanza, na mkondo huisukuma kaskazini. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, na bwawa hubadili majira ya maji na kiasi cha tope. Misri ilishaliona hili: baada ya Bwawa Kuu la Aswan kuzuia mafuriko ya Nili, sadini waliokuwa wakivuliwa mbele ya delta walishuka kutoka tani 18,000 hivi mwaka 1962 hadi chini ya 1,000 mwishoni mwa muongo huo. Sidai kwamba Rufiji itafuata njia ile ile. Mito hii inatofautiana kwa mengi. Ninachodai ni kwamba swali hilo halitajibiwa kwa kuhesabu kamba na dagaa sokoni, kwa kuwa soko huonyesha athari miezi au miaka baada ya mabuu kufa.

Kazi inayohitajika si ya ajabu. Huko California, baada ya uvuvi wa sadini kuporomoka, ulianzishwa mwaka 1949 mpango wa kuvuta nyavu za planktoni kwenye vituo vile vile, na unaendelea hadi leo. Thamani yake yote iko katika kurudi pale pale. Sisi tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), na nchini Kenya mabuu wameshakusanywa na kuchunguzwa Malindi na jirani zake. Kinachokosekana ni mstari mmoja wa vituo unaovuka mpaka: Mtwara, Mfereji wa Mafia, Pemba, Shimoni, Malindi, kila mwezi, usiku na mchana, kwa kuwa mchana mabuu wakubwa huuona wavu na kuukwepa, wakati wa bamvua na wa maji mafu, kusi na kaskazi. Mahodha wa dagaa, ambao tayari hulala baharini siku za giza, wanaweza kufundishwa kuvuta wavu huo na kulipwa kwa kazi hiyo. Vituo vya kwanza viwekwe mbele ya delta ya Rufiji, kabla ya masika yajayo.