Kumbukumbu Isiyozimika

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifungiwa kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500. Kumbukumbu za mashine za zama zile zilikuwa pete ndogo za sumaku zilizotungwa katika nyaya, nazo zilishika neno hata umeme ukikatika. Mwaka 1970 Intel ikatoa chipu ya 1103, ndogo na rahisi kwa bei. Lakini chipu za namna hiyo husahau yote umeme uondokapo.

Hasara yake aijua mkazi wa Tabata aliyepitia mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na wa 2011: hesabu za duka au ukurasa wa tasnifu usiohifadhiwa hutoweka mara moja.

Basi mafundi wakairudia sifa ya kale. Mwaka 2015 kiini cha Linux, toleo la 4.2, kilipewa sehemu ya kusimamia vibao vya kumbukumbu ya kudumu. Mwaka 2019 Intel ikauza vibao vya Optane. Kiini huvitambua vibao, huvigawa, na huzipa programu njia ya kuvifikia moja kwa moja. Hata hivyo, kwa kawaida neno lililo bado katika akiba ya kichakataji halijafika kibaoni. Programu haina budi kulisukuma, ingoje lifike, ndipo ihesabu kuwa limeandikwa.

Mwaka 2022 Intel ilitangaza kuiacha Optane. Sharti lake halikuachwa: chombo kidumucho hakimwokoi mwandishi asiyehakikisha kwamba neno limekifikia.