Mtumbwi wa karatasi, kutoka Masisi hadi Lualaba

Ukurasa wa kaye unakunjwa katikati, pembe mbili zinakutanishwa, kingo zinapandishwa: ni kofia. Kofia hiyo ikifunguliwa na kukunjwa tena, inatoka mtumbwi. Watoto wanaupamba kwa biki na mkaa. Ukipakwa mshumaa, hauloani upesi. Mzazi anayegomba kwa sababu ya kaye ana haki, kaye inanunuliwa.

Kukunja karatasi kulienezwa na shule. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyefungua shule ya watoto wadogo mwaka 1837, alikuweka kati ya kazi za mikono. Lakini Walikale mtumbwi wa mti unajulikana tangu mababu.

Mtumbwi ukiachwa kwenye mto Oso, huko Masisi, maji yanashuka Walikale, yanaingia Lowa, kisha Lualaba. Ukiachwa Sake, njia ni ndefu: ziwa Kivu, Ruzizi, Tanganyika, Lukuga, ndipo Lualaba.

Watu wa Masisi wanaokimbia vita wameshika pande hizo hizo mbili. Januari 2025 mapigano yalipofika Masisi-centre, wengine walielekea Walikale, wengine Sake na Goma. Goma ilianguka mwezi huohuo. Waliokwenda Walikale nao walifuatwa: tarehe 19 Machi vita ikaingia Walikale-centre. Kuna ndugu waliotengana siku hizo ambao hawajaonana tena.

Maji ya pande zote mbili yanakutana pale Lowa inapomwagika katika Lualaba, kati ya Kindu na Ubundu.