Jina Lirudilo

Ukimwuliza mzee wa Kinandi umri wake, huenda asikutajie mwaka aliozaliwa, bali akakutajia ibinda lake. Neno hilo twalifasiri kwa Kiswahili kuwa "rika". Lakini, ewe msomaji, usidhani kwamba maneno haya mawili yalingana kabisa. Rika ni watu wa umri mmoja tu. Ibinda lilikuwa jeshi, lilikuwa baraza, tena lilikuwa kalenda.

Marika ya Wanandi ni saba: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi. Vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja, yapata miaka 15, huitwa kwa jina moja hata kufa kwao. Likiisha la saba, hurudiwa la kwanza. Basi zidisha 15 kwa 7, utapata 105. Ndiyo kusema kijana huingia katika jina ambalo wenyewe wa kwanza wamekwisha kuzikwa zamani.

Hapo mwanafunzi wa historia na awe mwangalifu. Akiambiwa kwamba jambo fulani lilitendeka zamani za Sawe, sharti aulize: Sawe wa lini? Asipouliza, aweza kukosea kwa karne nzima.

Zamani jina lilikuwa na kazi. Rika moja lililinda nchi, na lile lililotangulia liliingia katika uzee. Zamu hiyo ilikabidhiwa kwa sherehe iitwayo saget ab eito, ambapo fahali mweupe alichinjwa. Mwaka wa 1923 Wanandi walijitayarisha kuifanya. Serikali ya kikoloni, kwa kuhofu maasi, iliikataza, ikamkamata kiongozi wao, Orkoiyot Barsirian arap Manyei, asiachiliwe mpaka mwaka wa 1964.

Je, jina lilikufa? La, halikufa. Vijana walizidi kutahiriwa na kuitwa kwa majina yale yale, lakini hawakukabidhiwa nchi, maana ulinzi na hukumu vilikuwa mikononi mwa wageni. Neno likabaki na heshima yake: mtu humjua ndugu wa rika lake, wala haimpasi kumwoa binti wa mwenziwe huyo.

Basi tazama: neno laweza kudumu hali kazi yake imeondolewa. Kamusi itakupa maana ya leo. Maana ya jana imo vifuani mwa wazee. Nenda ukawaulize wangali hai.