Kitenzi "Read" cha Kiingereza na Tatizo la "Usomaji" katika Uhakiki

Katika tasnifu na makala za uhakiki zinazoandikwa kwa Kiswahili, usemi "usomaji wangu wa riwaya hii" umezoeleka. Mwandishi hakusudii kusema kwamba ameipitia riwaya kwa macho. Anakusudia fasiri yake. Usemi huu umechukuliwa kutoka Kiingereza, na kitenzi "read" kina historia ambayo "soma" haina.

Katika Kiingereza cha Kale kitenzi hiki kilikuwa "rædan". Maana zake zilikuwa pamoja na kushauri, kuamua na kufumbua jambo lililofichika. Kijerumani, kilicho ndugu yake, kingali na "raten", yaani kushauri na pia kubahatisha jibu. Kwa maandishi Wajerumani hutumia "lesen", ambacho asili yake ni kukusanya, sawa na "legere" cha Kilatini. Waingereza walishika njia nyingine: kusoma herufi kwao kulikuwa kufumbua. Nomino "riddle", yaani kitendawili, imetokana na shina hilo hilo. Katika mkusanyo wa Exeter, ulionakiliwa mwishoni mwa karne ya 10, limo fumbo linalokoma kwa kumwamuru msikilizaji "asome" anachomaanisha msemaji, yaani ategue. Maana ya ushauri ndiyo iliyofifia. Mfalme Æthelred, aliyeanza kutawala mwaka 978, jina lake lilimaanisha "ushauri bora", naye akapachikwa lakabu ya "Unræd", ushauri mbaya. Vizazi vya baadaye, visivyolifahamu tena neno hilo, viligeuza kinaya kile kuwa "Unready", asiye tayari.

Sasa tukitazame kitenzi chetu. Mtoto wa chuoni, Lamu au Mombasa, husoma Kurani akaihitimu kabla hajajua Kiarabu. Maulidi husomwa, hitima husomwa. Uzito wa kitenzi umo katika sauti na katika kujifunza: aliyesoma ni mwenye elimu. Kitendawili, kwa upande mwingine, hakisomwi. Hutegwa na kuteguliwa, kama vile fumbo linavyofumbuliwa na matini kufasiriwa. Mzigo ambao Kiingereza kimekitwika kitenzi kimoja, Kiswahili kimeugawa.

Yupo atakayepinga kwamba twasema pia "nimemsoma mtu huyu", tukimaanisha kuitambua tabia yake. Ni kweli, na yamkini lugha inaelekea huko. Hata hivyo, katika uhakiki mkanganyiko huu una gharama. Mwanafunzi anayeandika "usomaji wangu" hujikinga bila kujua, kwa kuwa hakuna awezaye kumkatalia kwamba amesoma. Angeandika "fasiri yangu", angedaiwa ithibati kutoka katika matini, na msahihishaji angekuwa na haki ya kumdai. Istilahi "usomaji" na ihifadhiwe kwa nadharia ya upokezi, ambayo kwa hakika humchunguza msomaji mwenyewe na tendo lake la kusoma.