Kiyoyozi kikubwa si dawa ya joto la Pwani: pima chumba kwanza

Joto la Februari na Machi likishika kasi, sisi mafundi huulizwa swali moja: ninunue kiyoyozi cha ukubwa gani? Wengi huambiwa, "Chukua kikubwa, kitapoza haraka." Mimi husema hapana, na sababu yangu ni unyevu.

Hapa kwetu Pwani, joto ni nusu ya taabu. Nusu ya pili ni unyevu wa bahari. Kiyoyozi huondoa vyote viwili. Hewa ikigusa mabomba yake ya baridi, mvuke hugeuka maji yakatoka nje kwa mpira. Lakini kazi hiyo yataka muda. Kiyoyozi kilichozidi chumba hupoza kwa dakika chache kikajizima, unyevu ukabaki ndani. Utalala kwenye baridi, lakini shuka zina majimaji, ukuta waota ukungu na kanzu kabatini zanuka uvundo. Kilicho kidogo mno nacho hakipumziki, na tokeni za stima haziishi kununuliwa.

Nguvu ya kiyoyozi hupimwa kwa BTU. Zidisha urefu wa chumba kwa upana, kwa mita, kisha zidisha kwa 600. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinahitaji 7,200. Cha 9,000 chatosha. Kikipigwa na jua la alasiri au kikiwa chini ya mabati, zidisha kwa 800. Utapata 9,600, basi chukua cha 12,000. Wakilala zaidi ya watu wawili, ongeza 600 kwa kila aliyezidi. Hesabu hii ni ya dari ya kawaida; nyumba za Mji wa Kale zenye dari za juu huhitaji zaidi.

Ukiweza, nunua cha inveta, kwani hupunguza mwendo badala ya kujizima. Masika, hewa ikiwa nzito bila joto kali, chagua alama ya tone la maji kwenye rimoti: hiyo ni ya kukausha.

Mashine ya kukausha hewa pekee hupimwa kwa lita za maji inazotoa kwa siku. Yafaa stoo ya vitabu au nguo, lakini chumbani itakuongezea joto.

Basi nenda dukani na vipimo mkononi. Muuzaji asiyeuliza ukubwa wa chumba wala jua linakoingilia, huyo anauza mashine tu. Unyevu atakuachia wewe.