Meli Zapungua, Makarani Waongezeka

Upo msemo unaopendwa sana na wakubwa wa maofisini, kwamba kazi huumuka kama unga wa maandazi mpaka ijaze muda wote iliopewa. Mpe karani siku moja, ataimaliza kwa siku moja. Mpe wiki, atakula wiki. Kwa kawaida msemo huu hutupiwa mtu wa chini aliyechelewesha faili. Aliyeutunga alikuwa akimtazama mtu mwingine kabisa.

Huyo ni Cyril Northcote Parkinson, mwanahistoria Mwingereza aliyekuwa akifundisha chuo kikuu huko Singapore. Makala yake ilitoka katika jarida la The Economist mwezi Novemba 1955. Alianza na bibi kizee asiye na shughuli, ambaye kumpelekea mpwa wake kadi ya posta kunammaliza siku nzima: atafute kadi, atafute miwani, kisha aamue kama achukue mwavuli. Wengi, nadhani, waliishia kwa bibi huyo. Habari yenyewe ilikuwa mbele.

Parkinson aliijua vyema historia ya majini, akazichukua hesabu za Jeshi la Majini la Uingereza. Mwaka 1914 manowari kubwa zilizokuwa kazini zilikuwa 62. Mwaka 1928 zilibaki 20. Wanamaji walishuka kutoka 146,000 hadi 100,000. Lakini maofisa wa makao makuu yake walipanda kutoka 2,000 hadi 3,569! Akaigeukia Wizara ya Makoloni, ile ile iliyotutawala sisi wa Tanganyika, na jirani zetu wa Kenya na Unguja, kutoka London. Mwaka 1935 ilikuwa na watumishi 372. Mwaka 1954 walifika 1,661, ingawa Palestina na Ceylon zilikwisha toka mikononi mwake tangu 1948.

Sababu yake ni hii. Ofisa akijiona amezidiwa na kazi, iwe kweli au isiwe, anaweza kujiuzulu, au kugawana kazi na mwenzake, au kuomba wasaidizi. Akijiuzulu, anapoteza pensheni. Mwenzake, atakuwa mshindani wake wa cheo. Basi ataomba wasaidizi, na lazima wawe wawili, kwa maana akiwa mmoja atakaribia kulingana naye. Nao hao wawili, siku zikipita, kila mmoja atapewa wawili wake. Sasa watu saba wanafanya kazi ya mtu mmoja, na cha ajabu ni kwamba hakuna mvivu hata mmoja kati yao. Wanaandikiana madokezo, rasimu inapanda na kushuka, na mkubwa anatoka ofisini usiku akiwa amechoka kwelikweli.

Ni kweli Parkinson aliandika kwa mzaha, na hesabu zake zinaweza kubishiwa. Uingereza ilipitisha sheria za maendeleo ya makoloni mwaka 1940 na 1945, na miradi ile ilihitaji watu wa kuisimamia. Hata hivyo maelezo yake juu ya wale wasaidizi wawili hayajapata mtu wa kuyafuta, na kila aliyewahi kukaa ofisini anayajua.

Miaka ya 1990 Serikali yetu ilipunguza watumishi kwa maelfu. Fedha za mishahara zilikuwa haba, hilo halina ubishi. Lakini miongoni mwa waliokabidhiwa barua walikuwamo matarishi, wafagizi na walinzi. Tarishi hana uwezo wa kuomba wasaidizi wawili. Katika hesabu ya Parkinson tarishi hazai tarishi. Anayezaa ni yule mwenye kiti cha kuzunguka. Na ile barua ya kumwachisha tarishi kazi, kabla haijamfikia mkononi, ilipita juu ya meza ngapi, na wangapi waliitia saini?