MKOMAZI: Hifadhi Uliyoipita Ukiwa Umelala Kwenye Basi

Kwa abiria wengi wa Dar–Arusha, Same ni mahali pa kuchimba dawa, kununua soda na kurudi kwenye kiti. Kumbe kilomita chache tu kutoka mjini hapo kuna Lango la Zange, na nyuma yake Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, kilomita za mraba zaidi ya 3,200! Twiga wapo, pofu wapo, choroa wapo, hata swala twiga, yule wa shingo ndefu anayesimama kwa miguu miwili akila majani. Ng'ambo ya mpaka ni Tsavo Magharibi ya Kenya, na tembo wanavuka bila pasipoti.

Jina lenyewe ni la Kipare. Mko ni kijiko kidogo cha mti, mazi ni maji. Yaani maji ya kujaa kijiko, basi. Ukishalijua hilo, nusu ya historia ya hapa umeielewa: watu, mifugo na wanyamapori wakigombea maji kidogo.

Waingereza walipotangaza pori la akiba mwaka 1951, baadhi ya wafugaji waliokuwa wakiishi humo waliruhusiwa kubaki. Baadaye wakaja majangili. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, faru weusi walikuwa wamekwisha kabisa na tembo wamebaki wa kuhesabu. Mwaka 1988 serikali ikawaondoa wafugaji, Wamasai na Waparakuyo, pamoja na ng'ombe wao. Walikwenda mahakamani. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 1999 wakakosa haki ya kurudi. Wewe ukiona Mkomazi unaona picha kali ya kuposti. Wao wanaona nyumbani.

Mwaka 1989 akaingia Mwingereza mmoja aliyekuwa amelea simba huko Kora, Kenya. Kazi ilianza karibu na sifuri: barabara, redio, doria. Mwaka 1997 faru weusi wa kwanza wakaletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini na kuwekwa ndani ya uzio wa umeme. Miaka iliyofuata wengine walitoka bustani za wanyama za Ulaya. Mbwa mwitu nao wakazalishwa na kuachiwa porini. Mwaka 2008 Mkomazi ikawa rasmi hifadhi ya taifa.

Stori tamu, sivyo? Sasa nenda Kisiwani. Huku Milima ya Upare, huku hifadhi, kijiji kipo katikati. Katika vijiji vya pembezoni vya wilaya ya Same, tembo anaweza kumaliza shamba la msimu mzima kwa usiku mmoja. Mwenye shamba hilo ndiye anayeombwa amlinde tembo huyohuyo. Ungekuwa wewe?

Na siyo kwamba watu wa Upare hawakujua kutunza. Zamani koo zilikuwa na misitu yao ya matambiko, iitwayo mpungi. Hukati mti humo, hufanyi mchezo humo. Hapakuwa na bango wala askari. Msitu uliheshimiwa kwa sababu ulikuwa wa wenyewe, na mababu walikuwa humo. Hapo ndipo hifadhi nyingi za kisasa zimekwama: zina mpaka na zina bunduki, lakini jirani haoni kama ni zake.

Mkomazi walau wamejaribu kuliziba pengo hilo. Kupitia programu ya Rafiki wa Faru, watoto wa shule za jirani wamekuwa wakipandishwa basi na kupelekwa kumwona faru kwa macho yao. Mtoto aliyekulia jirani na hifadhi bila kuingia hata siku moja, siku hiyo anaingia kama mgeni rasmi.

Na wewe wa mjini una nafasi yako. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, tena cha chini mno kuliko cha mgeni. Jikusanyeni washkaji, mkodi gari Same, mlale Same, mle Same, ili hela ibaki kwa majirani wa hifadhi. Mfuko wa plastiki ulipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini chupa ya maji bado ipo mkononi mwako: uliyoingia nayo, toka nayo. Usishuke kwenye gari pasiporuhusiwa kwa ajili ya selfi. Usiwarushie wanyama chakula. Punguza muziki, hujaja klabu.

Halafu mkimaliza, piteni njia ya Kisiwani. Nunueni ndizi, salimieni wazee, waulizeni tembo walipita lini mara ya mwisho. Hiyo nayo ni sehemu ya hifadhi, ila haimo kwenye tiketi.